Miezi Sita ya Mama Kwenye Baridi

Watu wa nyumbani wakinipigia simu huniuliza theluji ni kitu gani, na huuliza wakitabasamu, kwa sababu wameiona kwenye picha ikiwa nyeupe na safi. Mimi theluji naijua kwa koleo. Ni kitu cha kuondolewa mbele ya gari kabla ya kwenda kazini, gari lenyewe likikataa kuwaka, na nikichelewa nakatwa mshahara. Kwa hivyo huwa najibu tu kwamba huku ni baridi, halafu nauliza kama mvua imenyesha kwao.

Ninaishi katika mji mmoja wa kaskazini mwa Marekani, kule katikati ya nchi, mbali na bahari zote mbili. Baridi huanza watu wakiwa bado hawajajitayarisha na huisha wakiwa wamekata tamaa. Nafanya kazi ya kutunza wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani. Ukitajiwa mshahara wangu ukiwa Ishiara, kwetu, utafikiri nimetajirika. Lakini mshahara huo hupita tu mikononi mwangu ukielekea kwa wengine: mwenye nyumba, watu wa bima ya gari, watu wa gesi ya kupasha nyumba joto. Chakula huja mwisho, na dukani nishazoea kutazama bei kwanza, halafu ndipo nitazame kitu chenyewe.

Nilipojifungua binti yangu nilikuwa peke yangu. Baba yake alikuwa ameshaenda zake, na sina la kuongeza juu ya huyo. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Huyu hakuwa na upande huo, kwa hivyo nikampa jina la mama yangu.

Nilienda kuuliza katika kituo cha kulelea watoto. Mwanamke wa pale, mpole kabisa, alinitajia bei ya mwezi, nikamwomba arudie kwa sababu nilidhani ananitajia ya mwaka. Kumweka mtoto mchanga pale kulikuwa ghali kuliko kodi ya nyumba yangu. Na kabla hawajampokea walitaka malipo ya kutangulia. Nilirudi ndani ya gari nikacheka peke yangu, kile kicheko cha mtu aliyeshindwa. Halafu nikampigia mama.

Mama alikuja mwezi wa kumi, akaruhusiwa kukaa miezi sita. Mpango wangu ulikuwa mmoja tu. Yeye atalea mtoto, mimi nitafanya zamu mbili mbili, niweke akiba, na siku atakayorudi nyumbani mtoto aingie kile kituo. Mtoto abaki na mimi. Sikuwa nikitaka kitu kingine chochote duniani.

Alifika na sanduku zito la ndengu na unga wa mawele, akiwa amevaa sweta mbili na koti nililomnunulia, akitembea kama mtu aliyebeba mtu. Jioni ile ile akaona kidude kilicho ukutani sebuleni.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kuongeza joto, Mami. Lakini usiiguse, ni pesa."

"Joto ni pesa?"

"Ndiyo. Kila mwezi nalipia."

Alinitazama kuona kama namfanyia mzaha. Kisha akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Akampigia dada yake simu papo hapo. "Wewe, sikia maajabu! Hawa watu wananunua joto! Si sisi tungekuwa matajiri kitambo!" Mama amezaliwa mahali ambapo hata mbuzi hugombania kivuli. Maisha yake yote joto ni kitu alichokikimbia, na sasa mtoto wake analinunua na kulibania kama sukari. Tukacheka wote. Nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho nilicheka vizuri mwaka ule.

Akamfunga mtoto mgongoni. "Wajina wangu atapata joto la mgongo," akasema. "Hilo hakuna wa kunidai."

Miezi ile nilichoka mpaka mifupa, lakini ilikuwa afadhali. Nilikuta uji umepikwa, mtoto ameoga, nguo zimekunjwa. Nilikula chakula ambacho sikukipika mwenyewe. Mama na mimi tulikuwa tukipishana mlangoni zaidi ya kukaa pamoja, nikamwona akizidi kunyamaza, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuongea naye mchana kutwa ila mtoto. Lakini akiba iliongezeka. Polepole, ila iliongezeka.

Tatizo lilikuwa madirisha. Kwetu nyumba hufunguliwa asubuhi. Jua likipanda na madirisha bado yamefungwa, majirani hujua wenyewe wamehama ama kuna msiba, na mtu lazima aje kubisha. Mama hangeweza kukaa na mtoto mchanga ndani ya nyumba iliyofungwa hivyo. Nilimwambia asifungue, akasema sawa. Kumbe kila nikitoka alikuwa akifungua kidogo, nyumba ipate hewa, kisha anafunga.

Siku moja ya mwezi wa kwanza kulipambazuka na jua, mbingu haina hata wingu. Mama alichungulia nje akaona jua, na jua ni kitu anachokijua. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba huku siku za jua kali hivyo ndizo za baridi inayoua. Akafungua dirisha la jikoni lote. Akaingia na mtoto chumbani, akafunga mlango ili upepo usimpige, akajilaza naye chini ya mablanketi. Usingizi ukamchukua.

Nilirudi alasiri nikakuta mafuta ya kupikia yameganda kwenye chupa. Mfereji haukutoa hata tone. Nilifunga dirisha, nikaongeza joto mpaka mwisho, nikamkimbilia mtoto, nikamkuta mzima, ana joto kuliko mimi. Mama aliamka akiuliza kama nimekula. Kesho yake barafu iliyoganda ndani ya bomba la nyuma ya sinki ikayeyuka, na kumbe ilikuwa imelipasua. Maji yalimwagika usiku wa manane hadi kwa watu wanaoishi chini yetu, dari lao likaanguka.

Msimamizi wa jumba alikuja. Akatazama dirisha, akamtazama mama, akanitazama. Akasema hasara hiyo ni yangu, jumba halihusiki. Sikubishana, sikuwa na nguvu za kubishana. Ile akiba ikaenda karibu yote.

"Ni pesa ngapi?" mama akaniuliza.

"Si nyingi, Mami."

"Usinidanganye. Mimi ndiye nilikuzaa."

Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpe nani. Nilitaka kusema, "Ni dirisha lako." Nilitaka pia kuuliza ni nchi gani hii ambayo mtu akifungua dirisha anafilisika. Nikavaa viatu, nikaenda kazini.

Halafu Jumapili moja, mama amekaa mezani akichagua ndengu, akitoa mawe, akasema bila kuniangalia, "Nipe huyu mtoto niende naye."

"Hapana."

"Hapa utamwacha na nani?"

"Nitatafuta njia, Mami."

"Njia gani? Wewe unamwona tu akiwa amelala. Nyumbani kuna maziwa, kuna mbuzi, kuna mama zake wadogo, kuna watu. Ukipata nguvu utakuja umchukue. Mimi sikunyang'anyi."

Nililia hapo mezani kama mtoto. Mama aliendelea kuchagua ndengu, lakini nikaona anayarudisha mawe kwenye sinia. Nilijua ni kweli. Nilikuwa nimepiga hesabu kila namna, na kila namna ilinirudisha palepale.

Walienda baridi ikianza kupungua. Kwenye uwanja wa ndege mtoto alikuwa mgongoni mwa mama, usingizini, hata hakuamka niliposhika mguu wake. Wiki ile kazini maziwa yaliendelea kunitoka. Nikawa naingia chooni nabadilisha blauzi, kisha narudi kumlisha bibi mmoja ambaye watoto wake wanaishi mji huo huo.

Nilimwona akikua kwenye simu. Niliona jino la kwanza, niliona akisimama, nikiwa nimekaa ndani ya gari wakati wa mapumziko, nikila ndizi. Kila mwaka nilisema mwaka huu naenda. Mara gari likafa. Mara kodi ikapanda. Mara makaratasi yangu yakachelewa na nikaambiwa nisisafiri. Nilikuwa nangoja pia afike umri wa kuingia shule ya serikali ya huku, ambayo hailipiwi. Alipokaribia miaka minne nikanunua tiketi, ya kwenda ni mtu mmoja, ya kurudi ni watu wawili.

Tulipopita Karurumo, matatu ikiteremka kuelekea kwetu, hewa ikaanza kuwa moto. Nikavua sweta nikaiweka miguuni. Nilikuwa nimejitayarisha asinijue. Nilikuwa nimejiambia nisimkimbilie, nisimtishe, akilia nimwache alie.

Hakulia. Alikuwa amesimama mlangoni na gauni lililopigwa pasi, miguu imepakwa mafuta. Watoto wa jirani walikuwa wamejipanga uani, na nikamsikia akiwaambia kwa Kimbeere, kwa sauti ya maringo, "Huyo ni mama yangu. Ametoka Amerika." Nilitaka kukaa chini hapo hapo kwenye vumbi kwa furaha.

Akaja akanipa mikono yote miwili, kichwa kimeinama, akanisalimia vile watoto wetu wanavyosalimia wakubwa. Akanishika kidole akanipeleka ndani, hadi kwenye kile kiti chenye kitambaa kilichofumwa, ambacho mama hukiweka kwa ajili ya mchungaji na wageni wengine. Nikakaa. Akaleta besheni, akarudi kuchukua jagi dogo, akanimwagia maji mikononi taratibu, ulimi umetoka pembeni, asimwage chini. Mama alikuwa amesimama karibu, anamtazama kwa fahari.

"Ona vile amejua adabu," mama akasema.

Mtoto akanipa taulo. Halafu akaniuliza kwa upole, swali ambalo hapa kwetu tunamuuliza kila mgeni ili tujue kama tutandike kitanda:

"Utalala, ama unarudi leo?"

Mama akageuza uso. Niliumia kuliko siku ile ya uwanja wa ndege. Angekuwa amenisahau, ningejua la kufanya, ningeanza upya. Lakini alinijua. Alijua mimi ni mama yake, amenitangaza kwa watoto wenzake, na bado akanikaribisha kama mgeni.

Nikamwambia nitalala. Akafurahi, akabeba besheni kwenda kumwaga maji nje, nami nikabaki kwenye kiti cha wageni, na mkobani nina tiketi ya kumtoa kwao.