Pale Lebo Iliponyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio. Nilikuwa na shahada ya uhandisi wa mawasiliano na viatu vipya kutoka soko la Machakos. Mkurugenzi wa Utafiti, bila hata salamu, akaniambia, "Hii sakafu tumepewa na wafadhili. Sitaki kuona uchafu hapa." Nyinyi vijana mnaoingia maabara leo nisikilizeni vizuri, maana sakafu hiyo ndiyo iliyotuharibia kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa lebo. Lebo ni kipande cha plastiki chenye antena nyembamba na chipu ndogo kuliko punje ya mtama. Haina betri. Kifaa tulichokiita msomaji hurusha mawimbi ya redio. Lebo huyanasa, hupata nguvu ya kuamka, hujibu kwa namba yake na kipimo cha unyevu, kisha hulala tena. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Huku kwetu nani angezunguka akibadilisha betri zilizofukiwa ardhini?

Nilipopanda kuwa mhadhiri, tulipewa mradi wa Mwala. Huko hujengwa ukuta kukatiza mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake, maji yakabaki yamejificha ndani ya mchanga. Kiangazi wanawake huchimba shimo baada ya shimo kuyatafuta. Tuliwaahidi kwamba lebo zitawaonyesha pa kuchimba.

Niliomba tujaribu lebo kwenye mchanga uliolowa chepechepe. Mkurugenzi akafoka, "Matope kwenye maabara yangu? Anika huo mchanga kwanza!" Tukauanika juani siku mbili, tukaujaza sandukuni, tukaunyunyizia maji kidogo ya kudanganyia. Lebo zikajibu vizuri ajabu. Watu wazima wenye digrii, tunatafuta maji kwenye mchanga tuliouanika wenyewe! Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Kiangazi kilipofika, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, Kavata, alichimba mashimo matatu mahali ambapo lebo tulizozifukia mchangani zilijibu kuwa pana unyevu. Yote makavu. Akatupa jembe chini.

"Daktari, hii mashini yako inatuchezea. Punda yangu huwa inaparua pale kando ya ukuta. Hapo inasema nini?"

Nikapima. Lebo ya hapo haikujibu, na kioo cha msomaji kikaandika: kavu. Kavata akachimba hapo hapo, na kabla mkono haujazama hadi kwapani maji yakachuruzika.

Niliona aibu. Maji humeza mawimbi, na lebo iliyozama haiwezi kujibu. Programu yetu, ambayo haikuwahi kuona mchanga wenye maji kweli, ilihesabu kimya kuwa sifuri. Nilipomweleza, Kavata alicheka.

"Sasa si ni rahisi? Pahali inanyamaza, ndio tuchimbe."

Huo ndio uliokuwa uvumbuzi wetu, wala hakuna mwingine. Msimu ule walichimba penye kimya na wakapata maji. Nikaandika makala, nikaliweka jina la Kavata pamoja na langu. Mkurugenzi akalikata kwa kalamu nyekundu. "Mama wa mtungi hawezi kuwa mwandishi. Unataka tuchekwe?" Mahali pake akaandika jina lake mwenyewe, tena la kwanza. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga mchanga wa Mwala! Na mimi nikatia sahihi, kwa sababu nilitaka kupandishwa cheo, na nikapandishwa.

Niliporudi Mwala, Kavata aliniuliza mbele ya wenzake, "Jina yangu waliandika?"

"Waliandika, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba, na wenzake wakampigia vigelegele.

Nilistaafu nikiwa mkuu wa maabara ile ile. Kwenye sherehe Mkurugenzi mzee alisimama kujisifu kwa "uvumbuzi wangu wa Mwala", watu wakapiga makofi, nami nikapiga pia.

Wiki iliyopita msichana mmoja alinipigia simu. Ni mjukuu wa Kavata, anasomea uhandisi.

"Daktari, nimepata ile makala na sioni jina ya susu. Aliniambia kabla afariki niitafute, niionyeshe familia. Ama iko ingine?"

Hasira yote niliyoibeba miaka hii dhidi ya Mkurugenzi ilinigeukia mwenyewe.

"Hakuna nyingine," nikamwambia. "Jina lilikatwa, nami nilitia sahihi."

Alinyamaza kama lebo iliyozama majini. Nami nilijua vizuri kimya kile kilikuwa na nini ndani yake.