Tulipobadilisha Injini ya Gari la Mashindano

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nafundisha jiografia katika shule ya wasichana mjini Shinyanga, na siku za mashindano ya magari nilikuwa msoma ramani. Dereva wetu alikuwa Mhindi mwenye duka la baiskeli na vipuri. Mkewe aliogopa kupanda gari lile, ndipo wakanitafuta mimi. Wa tatu alikuwa fundi, Msukuma wa Samuye, mtu mzima na mpole, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili.

Injini zetu tulizipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Mwanza, ambaye naye aliingiza gari katika mashindano hayohayo. Dereva akaanza kuhisi kwamba tunapewa zilizochoka. Akaagiza nyingine Nairobi, ya aina tofauti kabisa na kubwa zaidi. Iliposhushwa stesheni, alilizunguka sanduku lake la mbao akikagua misumari, aone kama kuna mtu aliyelifungua njiani.

Injini haikuingia. Vishikio vya zamani havikuoana nayo, ikabidi kuchomelea vipya. Uzito wake ukalalia springi za mbele. Tabu kubwa ikawa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini: liligonga ekseli. Fundi alilikata na kulichomelea upya, likawa fupi mbele na pana nyuma.

"Bado mrija wa kunyonya oili," alisema. "Nipe siku mbili."

Siku iliyofuata, nikitoka sokoni, nilimwona kwenye mgahawa wa karibu na stesheni. Alikuwa ameketi na fundi wa yule mfanyabiashara wa Mwanza. Walikuwa wameinamia karatasi, mmoja anachora, mwingine anaonyesha kwa kidole. Nilipoingia, karatasi ikakunjwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Hujambo?"

Hakunieleza kitu, nami sikuuliza. Nilikwenda moja kwa moja dukani nikamwambia dereva.

Jioni ileile alimnyang'anya fundi ufunguo wa gereji. "Wewe angalia matairi tu," alimwambia. Fundi alinitazama, akauweka ufunguo mezani. Dereva akamalizia kufunga injini mwenyewe.

Siku ya mashindano tuliondoka Ibadakuli asubuhi, na gari lilikuwa na nguvu ambayo sijawahi kuisikia. Tulipopita Samuye, kwenye kona ndefu ya kushoto, taa nyekundu ya oili ikawaka, kisha ikazimika.

"Umeona?" nilimuuliza.

"Ni waya tu. Soma ramani."

Kila kona ya kushoto iliwaka tena. Mimi nilikuwa nikimfikiria fundi: amelegeza nini, amekata nini kabla hatujampokonya ufunguo. Kabla ya Kagongwa injini ikaanza kugonga kama nyundo, kisha ikakwama. Gari la Mwanza likatupita, likatuachia vumbi.

Fundi alifika na pikapu ya vipuri. Hakutusalimia. Aliingia chini ya gari, akafungua sampu, akamwita dereva aangalie. Mrija ulikuwa bado unanyonya mbele upande wa kushoto, mahali pale pafupi. Kila kona ya kushoto oili ilikimbilia upande wa kulia, na pampu ikavuta hewa.

"Wenzetu wa Mwanza walishapata shida hii," alisema. "Yule fundi alikuwa ananichorea jinsi ya kuurefusha."

"Mbona hukusema?" niliuliza.

"Mwalimu, ulipoingia ungeniuliza wewe."

Nilimwomba radhi palepale, naye akasema yamekwisha, huku akifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Dereva hakumwomba. Njia nzima ya kurudi, gari letu likivutwa kwa kamba, alikuwa akijiuliza ni kwa nini mshindani akusaidie bure. Swali lile liliniingia hata mimi, na nililichukia kwa sababu sikuweza kulitoa.

Miezi michache baadaye fundi aliaga. Alikuwa amepata kazi kwenye gereji ya yule mfanyabiashara wa Mwanza.

"Unaona?" dereva aliniambia. "Nilijua tangu mwanzo."

Mimi sikujua, na mpaka leo sijui. Ninachokumbuka ni kwamba siku ile mgahawani alikuwa bado fundi wetu, na mimi ndiye niliyekimbilia dukani.