Bei ya Mwisho ya Shingo Yangu

Haya, nasimulia mwenyewe, maana kila anayewasimulia mkasa huu anaongeza chumvi yake, na chumvi iliyomo inatosha. Ni aibu, nakubali. Mpaka leo nikikaribia uwanja wa mudugudu wetu, yaani kijiji chetu, navuka barabara nikapitia ng'ambo, na watoto wa pale wananiita Mama Shingo, mimi niliyezoea kuitwa Mama Keza kwa heshima zote.

Chanzo ni shingo, lakini zaidi ni mdomo. Mnanijua. Nimekulia Ngara, Tanzania, nikarudi hapa Gisenyi, Rwanda, nikiwa msichana mkubwa, na tangu hapo kazi yangu ni mayai: nayanunua Kanama, nayavusha mpaka wa Kongo pale Petite Barrière, nayauza Goma. Sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza, na sijawahi kununua kitu bila kuomba matabishi, ile nyongeza ambayo muuzaji anakutilia juu ili kesho umrudie. Hata tulipoenda kununua jeneza la mjomba niliomba matabishi (wakatupa misumari, tena mizuri).

Sasa mwaka huu shingo ikaanza kuuma, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikawa vinakufa ganzi asubuhi, na nikaogopa kwelikweli, kwa sababu mkono ukifa mayai nitayapanga na nini? Nikaenda hospitali, nikapigwa picha, daktari mmoja mpole akanieleza kwa muda mrefu sana. Mimi nilisikia neno moja tu, upasuaji. Aliyoyasema kabla yake na baada yake yalinipita, na karatasi aliyoniandikia kwa Kifaransa nikaikunja nikaiweka ndani ya Biblia, sikuisoma (ningeisomaje, Kifaransa changu kinaishia bonjour).

Goma kuna bwana mmoja, Papa Fiston, kazi yake ni kuwaunganisha wagonjwa na hospitali za India. Nikamwuliza bei ya kupasuliwa shingo. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mama, opération yenyewe ni dola elfu saba. Bon, apo tiketi haiko ndani, viza haiko ndani, chumba ya mutu wa kukusindikiza haiko ndani, na utabakia kule wiki tatu mbele ya kurudia."

Nikakaa chini. Wanawake wa kikundi chetu cha akiba walikuwa wameshaanza kunichangia, kwaya ya kanisani nayo ikapitisha kapu mara mbili, na vyote pamoja havikufika hata robo. Mtu mwenye akili angesema asante, akaenda kufikiri. Mimi nikamwandikia Papa Fiston maneno manne: "Bei ya mwisho ngapi?"

"Mama," akasema, "iyi haiko nyanya."

"Najua haiko nyanya. Na nikileta watu wengi?"

Kisha akasema labda, wakifika watano hospitali inaweza kupunguza, na daktari mwenyewe angetuona kwanza kwa video, Jumamosi. Weee! Nilisikia kama nimeshapona.

Kesho yake nikaingia Petite Barrière kutafuta shingo. Pale kila mtu ana kitu kichwani, gunia la viazi, beseni la kabichi, kwa hiyo shingo mbovu hazitafutwi, zinachaguliwa. Wa kwanza kumpata alikuwa Devota, mama wa Kanama anayenibebea trei za mayai, mtu mkimya, ukimpa kazi husikii neno. Siku hizo alikuwa ananikera. Trei mbili zilikuwa zimemponyoka mkononi mwezi ule ule, nikamgombeza mbele ya watu ("Devota, macho yako yako wapi?") na nikazikata kwenye ujira wake.

"Mama Keza, mi sina franga ya kwenda India," akasema.

"Nani kakuambia ulipe? Wewe njoo tu ukae nyuma, uwe namba."

Jumamosi yenyewe ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Mudugudu mzima tulizibua mitaro asubuhi, kisha kama kawaida tukakusanyika uwanjani kwa mkutano, kila mtu na jembe lake. Nilikuwa nimemwomba mkuu wa mudugudu dakika kumi kwenye mengineyo, kwa sababu nyumbani kwangu mtandao unakatikakatika na pale uwanjani unakamata vizuri. Papa Fiston akavuka mpaka kuja kutafsiri. Ili na wa nyuma wasikie, tukaiunganisha simu na spika ya kanisa, na huo ulikuwa ushauri wangu mimi mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Nilialika watu tisa. Walikuja thelathini na mmoja! Mmoja alikuwa na jino bovu (akasema jino na shingo ni majirani). Mwingine katoka Rubona na picha ya shingo ya mama mkwe wake, kwamba mwenyewe hawezi kusafiri lakini daktari aangalie hiyo. Mkuu wa mudugudu akaja kwa ukali kuuliza watu hawa wa nje wamekaribishwa na nani, akaelezwa, na baada ya muda nikamwona amekaa kwenye foleni anajikanda kisogo.

Daktari akatokea kwenye simu, mtu mzima mwenye miwani. Akauliza maumivu yanaanzia wapi.

"Mwambie tutafika huko," nikamwambia Papa Fiston. "Kwanza bei ya watu thelathini na mmoja."

Daktari akaeleza taratibu kwamba kila shingo ina gharama yake, wengine wanawekewa vyuma na skrubu, wengine hawahitaji kupasuliwa kabisa. Nikauliza mimi nitawekewa skrubu ngapi. Akasema kama ingehitajika, labda sita. "Sita za nini? Weka nne!" Uwanja ukalipuka. Watu wakaanza kunishangilia na majembe juu, huyu anapiga kelele "asipopunguza twende Uturuki!", yule "mwambie tutakuja na chakula chetu!", na mimi kichwa kikanivimba, nikatikisa kichwa hapana, hapana, hapana, kwa nguvu zote, kama ninavyowafanyia wanunuzi wangu wa Goma. Daktari akasema bei ya hospitali haipangwi na yeye.

Basi nikatoa silaha yangu ya mwisho. Nikajifunga kitenge vizuri nikaondoka zangu. Kila mfanyabiashara anaijua hii: unaondoka kwa maringo, hatua kumi, halafu unageuza shingo kidogo kuona kama unaitwa. Nikageuza kushoto, kimya. Nikageuza kulia mpaka kidevu kikagusa bega.

"Mama! Daktari anakuita!"

Nilirudi mbio, nimeshinda.

"Anasema," Papa Fiston akasema, sauti yake imeshuka, "ugeuze tena."

Nikageuza. Daktari akavua miwani, akauliza kama nina karatasi yoyote ya hospitali. Nikaitoa kwenye Biblia, ambayo nilikuja nayo kuombea punguzo, na kwa kuwa binti yangu Keza ndiye anayefundisha Kifaransa shuleni, akaisoma kwenye maikrofoni, mudugudu mzima ukisikia: mgonjwa afanye mazoezi ya viungo wiki sita, kisha aonwe tena, na upasuaji ufikiriwe tu kama mkono utaendelea kudhoofika.

Yebabawee! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na spika. Daktari akasema kwa simu hawezi kukata shauri, lakini yeye angeanza na hayo mazoezi, tena hapo hapo Gisenyi. Watu walicheka mpaka wengine wakakalia majembe. Kiongozi wa kwaya hakucheka. "Mama Keza," akasema, "na zile nyimbo tatu za kukuaga tulizojifunza?"

Devota peke yake ndiye aliyenihurumia. Akaja na kikombe cha maji, akaninyooshea, na kabla sijakishika kikamtoka mkononi kikanimwagikia miguuni. Nami kwa aibu niliyokuwa nayo nikatafuta wa kumtwika. "Devota!" nikafoka, na maikrofoni ilikuwa bado wazi. "Hata maji yanakushinda?"

"Huyo nani?" daktari akauliza. Akataka asogezwe mbele ya simu. Akamwambia afunge vifungo vya sweta yake. Devota akavishika, akajaribu, akajaribu tena, vidole vinateleza tu.

"Asubui mutoto wangu njo ananifungaka," akasema kwa sauti ndogo, kama anayeungama kosa. "Na miguu inanichanganya kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua kubwa."

Daktari hakutabasamu tena. Akasema huyu asibebe kitu kichwani kuanzia saa ile ile, na Jumatatu isimpite bila kupigwa picha ya shingo, kwa sababu mkono na mguu vikiharibika hivyo uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na ukichelewa haurudi. Nikakumbuka zile trei mbili. Nikakumbuka na nilivyomwambia, aje tu awe namba. Nililia pale pale, na spika ya kanisa ikakirusha kilio mpaka barabarani.

Nikaanza kusema kwamba michango yenu nitawarudishia, kila mmoja chake. Kiongozi wa kwaya akanikata. "Sisi tulichangia shingo," akasema. "Shingo si iko hapa?"

India haikufikiwa. Devota alipasuliwa Kigali, bima ikabeba sehemu, kapu la kwaya na kikundi vikabeba nyingine, na Papa Fiston hajanisamehe mpaka leo. Mimi kila asubuhi nasukuma ukuta kwa paji la uso kama nilivyofundishwa, vidole vimeamka, na mayai yangu sasa yanavuka mpaka kwenye mkokoteni.

Nimeapa sitauliza tena bei ya mwisho ya kiungo cha mtu. Na juzi Devota alikuja kwangu kwa miguu yake, sweta imefungwa vifungo vyote, akakaa, akanywa chai, kikombe hakikutikisika. Kisha akasema, "Mama Keza, zile trei mbili ulinikata."

Nikamtajia kiasi. Akakitaja cha juu zaidi. Nikafungua mdomo, nikaufunga, nikatoa pesa zote alizotaja, kwa mara ya kwanza maishani nimelipa bei ya kwanza.

Akazihesabu polepole, noti kwa noti, kwa vidole vyake mwenyewe. Halafu akaninyooshea mkono tena.

"Na matabishi?"