Kibuyu cha Kwinini

Bibi yangu Zena hakuiba hata muhogo wa mtu maisha yake yote. Aliiba dawa zake mwenyewe. Najua inachekesha, na sisi wajukuu tulicheka sana, mpaka siku aliyotusimulia yote. Tangu hapo mimi sijaweza kucheka tena.

Alikuwa mkulima wa Chiungutwa, mama wa mtoto mmoja, Husseni, na homa ilimshika yeye mwenyewe karibu kila masika. Enzi hizo za Mdachi, dawa ya homa ilipatikana misheni, kwa mtoa dawa aliyeitwa Nikolao. Huyo hakumruhusu mtu kuondoka na vidonge vya kwinini. Ulivimeza mbele yake, asubuhi tatu mfululizo, kisha akakutaka ufungue kinywa.

"Vyote, Mama Husseni?"

"Vyote, baba."

Kila asubuhi kimoja alikuwa amekibana shavuni. Uchungu ulimtoa machozi njia nzima, lakini alifika nacho nyumbani, akakianika, akakitia ndani ya kibuyu kilichoning'inia juu ya meko, palepale alipohifadhi mbegu za kunde. Kwake ilikuwa akili ya kawaida tu. Mkulima gani hula mavuno yote asibakize mbegu? Akafanya hivyo miaka minne.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipofika Masasi, watu wa misheni walikimbilia pwani, Nikolao akiwa pamoja nao, na chumba cha dawa kikafungwa. Bibi akapanda Newala kwa mdogo wake Mwanakombo, Husseni mgongoni, kibuyu mkononi. Njiani aliwakuta watu wakinywa maji ya kuzuia risasi, akawacheka. Uzeeni kicheko hicho kilimuuma kuliko alivyoweza kueleza.

Wiki ya pili homa kali ilimshika Pili, binti wa Mwanakombo, wa miaka mitano.

"Dada, nisaidie," Mwanakombo akasema. "Sina mwingine ila huyu."

Bibi akamimina vidonge kiganjani. Vilikuwa vyeusi kwa moshi, kingo zimelika. Alijua kwamba Nikolao humpa mtoto nusu kidonge. Lakini alivitazama kwa jicho la mkulima: mbegu kuukuu hupungua nguvu, na anayezipanda hutia punje sita shimoni badala ya tatu, ili angalau mbili ziote. Basi akamsagia Pili viwili vizima kwenye uji, na jioni viwili tena. Kesho yake hivyo hivyo, hata mtoto alipolalamika kwamba nyuki wamemwingia kichwani.

Siku ya nne homa ikatoka. Pili akaomba chakula. Mama yake akamwita kwa furaha, na mtoto hakugeuka.

Watu wote walisema homa ndiyo iliyokula masikio. Mwanakombo alimshukuru dada yake kwa kumwokolea mwana, na kila mavuno akamwekea kapu la kunde. Bibi alilipokea. Vita vilipokwisha Nikolao alirudi, akasikia habari, akamvuta pembeni.

"Ulimpa ngapi?"

"Nusu nusu, kama wewe."

"Maana vikizidi huleta kelele kichwani, halafu uziwi."

Bibi akaitazama miguu yake, akaaga. Alituambia aibu ilimpanda mpaka masikio yake mwenyewe yakawaka moto, na bado alinyamaza. Alinyamaza miaka mitatu mizima. Nilimpenda sana bibi yangu, ila hapo siwezi kumtetea.

Kisha Mwanakombo akajifungua mtoto wa kiume. Bibi alipanda Newala kumtazama. Alipoingia jikoni aliona kibuyu kipya juu ya meko.

"Nimejifunza kwako, dada," Mwanakombo akasema, akigusa shavu lake. "Nikolao siku hizi hupita huku, na mimi ninabana. Huyu homa haitamla masikio. Ikimshika tu, nampa nyingi mapema."

Nje, Pili alikuwa akipepeta mtama, amewapa mgongo.

Bibi akasema. Alitaja vidonge vilikuwa vingapi, akawataja wale nyuki, akaeleza alivyomdanganya Nikolao. Hakulia, kwa sababu aliona kulia ni kuomba huruma. Mwanakombo alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akakishusha kibuyu, akamwaga vyote motoni, vidonge pamoja na mbegu za kunde.

"Ondoka, Zena."

Maisha yake yote Mwanakombo alikuwa akimwita dada.

Uani, Pili alimwona mama yake mkubwa anaondoka mapema, akamkimbilia, akamkumbatia kiunoni. Kisha akaingia ndani, akatoka na kapu la kunde lililokuwa limeshatayarishwa, akamtwisha kama kila mwaka, akitabasamu. Bibi akalibeba mpaka Chiungutwa. Kunde zile hakuzila, wala hakuzipanda.