Wifi Yangu na Gramu Tisa za Mrututu

Wifi yangu ni dobi, na mdomo wake haujawahi kupigwa pasi. Alipofika miaka arobaini na moja alijiandikisha masomo ya Jumamosi, maana chuo cha maabara anachokitaka hakimpokei mtu asiyefaulu kemia. Kaka yake, yaani mume wangu, akamuuliza, "Sasa wewe na kemia mmejuana wapi?"

"Kwenye dawa ya madoa, kaka. Mwaka wa ishirini huu."

Mimi naosha vyombo vya maabara ya shule anakosoma, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Mwalimu alishatangaza: Jumamosi hii ni vitendo, na atakayeshindwa, fomu yake ya mtihani haisainiwi. Angoje mwaka mwingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Gramu nne za unga mweusi wa shaba unazipasha moto na asidi, unachuja, unapunguza maji, unaacha ipoe mpaka zitokee fuwele za buluu, ndiyo mrututu. Kwa hesabu, usipopoteza hata chembe, utapata gramu kumi na mbili na nusu. Basi unapima ulichopata, unatafuta ni asilimia ngapi ya hiyo.

Jirani yake mezani alikuwa mlinzi mstaafu tuliyemwita Profesa, kwa vile hujua somo kabla halijafundishwa. Akapima wa kwanza.

"Gramu kumi na nne," akatangaza. "Asilimia mia na kumi na mbili. Nimekipita kitabu."

Wifi alikuwa bado anakandamiza fuwele zake kwa karatasi kavu. Anabadilisha karatasi, anakandamiza tena.

"Wifi, wenzio wanamaliza," nikamnong'oneza.

"Zina maji bado. Shuka bichi ukiliweka kwenye mizani, si unamwibia mteja?"

Zilipokauka akapima. Gramu tisa, asilimia sabini na mbili. Uso ukamshuka.

Profesa akamwinamia. "Andika tisini na tano, dada. Nani atapima tena?"

Kalamu ikakaa hewani. Nisiseme uongo, hata mimi nilitaka aandike. Akaandika sabini na mbili, na chini yake: nyingine imeganda kwenye karatasi, nyingine imebaki kwenye maji, nyingine nimeimwaga mwenyewe kwa haraka.

Mwalimu akapita. Akazikandamiza fuwele za Profesa, karatasi ikalowa chapachapa. Akazirudisha mizani: gramu nane.

"Mzee, ulikuwa unapima maji."

Profesa akasema alishuku hivyo tangu mwanzo.

Ripoti ya wifi Mwalimu aliisoma mara mbili. "Mama, hii uliyomwaga ungeweza kuificha."

"Niifiche wapi, mwalimu, na meza yote buluu?"

Akacheka, akavuta fomu yake, akasaini palepale. Profesa akahurumiwa: badala ya kungoja mwaka, akaambiwa arudie Jumamosi ijayo, akainamisha kichwa.

"Uje mapema," wifi akamwambia. "Nitakuonyesha karatasi inavyoshikwa."

Halafu akaniomba kitambaa, akaanza kufuta meza, kazi ambayo ni yangu. Siku hiyo sikumzuia.