Vyuma Alivyoambiwa Avitupe

Mume wangu Baltazari hana cheti cha ufundi. Alichokuwa nacho ni gari, na gari lenyewe halikuwa lake.

Lilikuwa la marehemu Mzee Sebastiani, aliyekuwa karani wa ofisi ya kupambana na nzige huku bonde la Rukwa. Mzungu mmoja alipofungasha virago miaka ile ya Uhuru, alimwachia kwa bei ya kutupa. Gari la Kiingereza la mashindano: viti viwili, halina paa, na tumbo liko chini hata kuku hapiti. Watu wa Sumbawanga wakaliita Nzige. Kwa barabara zetu za Ufipa, halikufaa hata kwenda sokoni.

Baltazari akalifanya lifae. Kazi hiyo ilimchukua miaka ishirini, na mingi kati ya hiyo ilikuwa ile ambayo hata sabuni tuliipangia foleni, sembuse spea. Gasketi alizikata kwenye maboksi ya katoni akaziloweka kwenye oili. Springi alizitoa kwenye lori bovu, akazikata na kuzipanga upya mpaka gari likanyanyuka. Bampa alilifua mwenyewe kwa moto wa mkaa. Na Bi Rhoda, mke wa Mzee Sebastiani, alipoanguka akaumia nyonga, Baltazari alikwenda kwao na kamba mkononi. Alimwomba ainue mguu taratibu, akapima pale unapofika bila maumivu, akafunga fundo. Kwa kipimo cha fundo hilo akatengeneza kidaraja cha kukanyagia, chuma cha kushikia, na kiti kirefu cha mninga kilichojazwa sufi. Tangu hapo Bi Rhoda alipanda gari la mumewe bila kushikwa na mtu.

Hicho ndicho kilikuwa cheti cha Baltazari. Watu walitoka mpaka Matai na magari yao yanayokohoa, wakifika wanauliza, "Aliyetengeneza ile Nzige anakaa wapi?"

Halafu ikaja ruksa, kila mtu akaachiwa kuagiza na kuuza. Maduka ya mtaa wa Majengo yakajaa spea, magari ya Kijapani yakaingia, na kila kijana mwenye spana tatu akawa fundi: toa ya zamani, weka mpya. Sisemi ni vibaya, maana sabuni nami nainunua bila foleni. Lakini wateja wa mume wangu waliisha mmoja mmoja. Akabaki anakaa kwenye benchi mbele ya nyumba, akisubiri Nzige ipite aisikilize injini.

Mzee Sebastiani alifariki mwaka tisini na mbili. Ilipokaribia misa ya mwaka mmoja, mwanawe Alphonce, ambaye biashara ya ruksa ilikuwa imemnyookea, aliliegesha gari uani kwetu. Alikuja na maboksi ya spea kutoka ng'ambo na kitabu chenye picha.

"Shikamoo mzee," alisema, huku ameshafungua kitabu. "Nataka lirudi kwenye uasili wake, kama lilivyotoka kiwandani. Tumpe baba heshima yake. Hivi vyuma vya kuungaunga vyote toa, tupa."

Vyuma vya kuungaunga! Nilikuwa napepeta maharage. Nusura niyamwage.

"Mkatalie," nilimwambia Baltazari Alphonce alipoondoka.

"Nikikataa atalipeleka Mbeya, walikate kwa gesi," alisema. "Bora nitoe mwenyewe. Mimi najua kila bolti ilipo."

Basi nikamtazama mume wangu akijifuta jina kwa mikono yake mwenyewe, miezi miwili mizima. Kila alichotoa alikiosha kwa petroli, akakifunga kitambaa, akakileta jikoni kwangu. Kutupa hawezi, aliyeishi miaka ile hatupi hata nati. Springi zikakaa chini ya meza, kile kiti kikaziba mlango wa stoo, bampa likanichana kanga mbili. Nikimuuliza ataviweka mpaka lini, anakwenda kuleta kingine. Nilichoka kuvikwepa. Na, niseme ukweli, nilichoka kumwona akiingia jikoni, akivishika, kisha akitoka bila kunisemesha.

Wiki moja kabla ya misa akapita Shigela, Msukuma mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake, akitafuta vyuma vya mkokoteni. Nikampa vyote, na kiti juu, naye akakubali kunilimia shamba kwa maksai wake. Nilidhani naitua nyumba mzigo.

Baltazari aliingia jikoni, akachungulia chini ya meza.

"Na kiti?"

"Na kiti."

Akatoka, akaendelea kupaka rangi. Angenigombeza ningepumua. Hakunigombeza, nami nikakasirika usiku na mchana, sijui nimkasirikie nani.

Siku mbili baadaye Alphonce alikuja kulichukua gari. Lilikuwa jekundu, limelala chini, linang'aa kama lile la kitabuni. Akalizunguka mara tatu, akampiga mume wangu begani.

"Mzee, hongera sana! Utadhani halijawahi kuguswa na fundi!"

Alimaanisha kumsifu. Baltazari akasema asante. Mimi niliingia ndani nikafunga mlango.

Jumamosi ya misa tulikusanyika nyumbani kwa marehemu, pale Majengo. Bi Rhoda akatolewa nje, amevaa kitenge kipya, akaletwa mbele ya gari la kumpeleka kanisani. Akalitazama.

"Hili la nani?"

"La baba, mama," Alphonce alisema. "Ndivyo lilivyokuwa mwanzo."

"Mwanzo upi? Gari la baba yako nalijua. Nilikuwa napanda mwenyewe."

Walijaribu kumwingiza. Akajikunja, nyonga ikagoma, akalia kwa uchungu mbele za watu. Alphonce akageuka, jasho linamtoka.

"Mzee Baltazari, vile vyuma viko wapi? Turudishie basi hata kile kiti."

Watu wote wakamtazama mume wangu. Akainamisha kichwa, hakunitaja. Ilibidi niseme mwenyewe.

"Nimevigawa mimi. Si uliagiza vitupwe?"

Nilitamka kwa ukali. Nilikuwa nimegawa kitu pekee kilichoonyesha kuwa mume wangu alipita duniani, kwa sababu kilikuwa kinanibana jikoni.

Shigela hupeleka mahindi mashineni kila Jumamosi, na njia yake hupita mbele ya nyumba hiyo. Tulisikia magurudumu kabla hatujamwona. Mkokoteni ulikuwa umenyanyuka juu ya zile springi, kidaraja kikiwa ubavuni, chuma cha kushikia mahali pake, na mbele ya magunia kile kiti cha mninga.

Bi Rhoda akajitoa mikononi mwa wanawe.

"Si lile pale!" alisema. Shigela akasimamisha maksai, asijue ana kosa gani. Mama wa watu akaweka mguu kwenye kidaraja, akashika chuma, akapanda mwenyewe, akaketi. "Twendeni. Baba yenu anangoja."

Wakaenda hivyo kanisani, maksai mbele, na Alphonce nyuma ndani ya gari jekundu, akila vumbi. Kwa mara ya kwanza tangu miezi ile nilimgeukia Baltazari nikitegemea kumwona amefurahi. Alikuwa amekunja uso, anautazama mkokoteni ukienda.

"Springi ya kushoto ameifunga kichwa chini," alisema. "Ndiyo maana unamlalia mama upande."

Akaenda nyumbani kuchukua spana. Misa nzima niliketi peke yangu. Yeye alikuwa nje, chini ya mkokoteni, na shati jeupe nililompigia pasi.