Jiko Lililolala

Keti hapa unisikilize kidogo, hasa kama jiko lako la kuni lina kile kidirisha cha bati upande wa chini, kinachofunguliwa na kufungwa kwa kusukumwa. Si jambo gumu. Mie nilichelewa kulijua, na ninashukuru kwamba sikuchelewa kabisa.

Nilipopanga chumba Mbagala, mwanangu alikuwa na miezi minne. Nilipikia barazani, kwa vipande vya mbao nilivyopewa na seremala wa jirani. Kwetu, bara, moto wa jioni haukuzimwa. Mama aliufunika kwa majivu, akasema ameulaza, nasi tukalala nao chumba kimoja. Sikufikiri kwamba nyumba ile ilikuwa ya nyasi, inapumua kila upande.

Basi mchana mmoja wa masika, maharage yakikaribia kuiva, mvua ikaanza kupiga barazani. Nikasukuma kidirisha mpaka kikafunga kabisa. Miali ikafa, moshi ukafuka kidogo kisha ukakatika, yakabaki makaa mekundu. Nikaliingiza jiko ndani, nikafunga mlango na dirisha ili mtoto asipigwe na baridi. Nikajiona hodari: nimelaza moto kama mama.

Kichwa kilikuwa kimeanza kunigonga mwenye nyumba alipopiga hodi. Ni bibi wa Kizaramo, na alikuwa amefuata chekecheo lake la unga nililoazima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umeshika kichwa?"

"Kinauma tu. Labda hii mvua."

Akachungulia nyuma yangu. "Na jiko linafanya nini humo?"

"Limelala, bibi."

"Limelala na nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinipita, akamnyanyua mtoto kitandani, akatoka naye, akaniita nimfuate. Mwanangu alikuwa amelegea, hakushtuka hata matone yalipomgusa. Bibi akamsugua nyayo, akimwita, mpaka akakunja uso na kulia. Sijawahi kupenda kilio kama kile. Tulikwenda naye zahanati hivyo hivyo na mvua yetu. Wakampima, wakasema ametolewa mapema.

Jioni bibi alinikalisha mbele ya jiko. "Jiko halilali, mwanangu, linanuna tu. Ukilinyima pumzi, linachukua yako. Na hewa yake hiyo haina moshi wala harufu, utaijulia wapi?"

Kisha akanifundisha taratibu, nami nakupa kama nilivyopewa. Wakati wa kuwasha, kidirisha kiwe wazi chote. Subiri kuni zishike vizuri, miali iwe safi. Hapo sukuma kidogo, kama upana wa kidole, utazame. Moshi ukizidi, umebana mno, rudisha. Nilikosea mara nyingi, bibi akanitania kwamba nabana hewa kama konda anayebana chenji. Usikate tamaa, mkono huzoea.

Mwanangu sasa anasoma darasa la tatu, na chekecheo la bibi bado tunaazimana. Kila masika ikianza namshukuru, naye hunijibu kwamba alifuata chekecheo tu.

Kwa hiyo mvua ikikukuta unapika, sogeza jiko chini ya upenu, mbali na mlango na dirisha. Ukimaliza, liache hukohuko nje, kidirisha kikiwa wazi, mpaka majivu yapoe kabisa.